Usiku wa Tarehe Kumi na Tano

"Siku moja tu, dada, nafuta hii nne naweka..."

"Siku moja ni uongo mzima, Shija! Hakuna uongo nusu, usinichezee mimi..."

"...tano, kazi ya sekunde mbili, hata mashine haitajua..."

"Mimi nitajua! Na hilo lidude lako lizime kabla sijalitumbukiza chooni!"

"Hili linaitwa kichomeo, dada. Lina jina lake."

"Nimesema zima."

Shija akazima. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na ndevu zilizoanza kujipanga, lakini Kabula akisema zima kwa sauti ile, hata taa za stesheni ya Tabora zingejifikiria. Dada yake alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na mbili. Kuamrisha watu wanaopiga kelele ndiyo ilikuwa ajira yake.

Kati yao, juu ya meza ya kibanda iliyojaa bisibisi na nyaya nyembamba kama nywele, kilikuwepo kipande cha bati ukubwa wa kiganja: cheti cha kuzaliwa cha Wande, binti wa Kabula. Wande mwenyewe alikuwa amekaa kizingitini anamenya karanga, anasikiliza maisha yake yakijadiliwa kama mtu anayesikiliza mpira kwenye redio ya jirani.

"Mjomba," akauliza, "nani anaongoza?"

"Mama yako. Lakini kipindi cha pili bado."

Ugomvi wote ulikuwa juu ya tarakimu moja. Cheti kilisema Machi 14, saa moja na dakika kumi jioni. Kingesema Machi 15, Wande angekuwa na kipuli sikioni tangu wiki iliyopita, kama mtoto yeyote aliyetimiza miaka kumi na tano, na ndani ya kipuli angekuwemo somo wake.

Kiangazi Kikuu kilipokwisha, walimu wengi walikuwa wamekufa au wamehama, na waliobaki waligombewa na matajiri. Ndipo wakubwa wakakusanya madaftari, barua, hotuba na sauti za watu wa zamani waliokuwa na nyayo ndefu, wakaipa mashine iwafinyange upya, mtu mmoja kwa kila siku ya mwaka, mia tatu sitini na sita kwa jumla. Zamani uliitana somo na mtu mliyechangia jina. Sasa somo wako alikuwa yule mliyechangia siku ya kuzaliwa. Walichagua tarehe kwa sababu tajiri anaweza kununua shule, anaweza kununua hata ukoo, lakini siku ya kutoka tumboni haiuzwi dukani. Ukizaliwa Juni 2, unanong'onezewa maisha yako yote na bibi aliyekuwa akipasua vichwa vya watu, akavifunga, wakaamka wakadai chai. Ukizaliwa Oktoba 9, una mzee aliyechora ramani za mito iliyojificha chini ya ardhi. Haki bin haki.

Isipokuwa Machi 14. Mashine ilipotafuta nyayo ndefu kuliko zote za siku hiyo, ikarudi na Hezroni Kilomba, yule mkuu aliyefunga mabomba ya bwawa miezi mitano mpaka miji mitatu ikakauka. Nyayo alikuwa nazo kweli. Hata chui anazo. Wakubwa wakaona afadhali siku hiyo ifungwe, na waliozaliwa siku hiyo wakae bila somo. Basi fomu zote za nchi zikawa na mstari unaosema Jina la Somo, na mstari huo haukubali kubaki mtupu.

Ndiyo maana wodi ya uzazi ya Kabula ilikuwa kimya kila Machi 14, wajawazito wamebana miguu wanamwomba Mungu na mkunga wao, halafu kesho yake panakuwa kama gulio. Saa za wakunga wengine zilikuwa na tabia ya kuzimia siku hiyo. Saa ya Kabula haikuwahi kuzimia. Hata uchungu wake mwenyewe ulipomshika zamuni, yuko peke yake, umeme umekatika, alijizalisha, akachukua kalamu akaandika saa kwenye mkono wake kabla hajakata kitovu.

"Chuo cha Maji kinafunga kupokea fomu keshokutwa saa sita mchana," Shija akasema, sauti ameishusha. "Huyu mtoto alitengeneza pampu ya mtaa kwa mpira wa baiskeli akiwa na miaka kumi na miwili. Alama zake zinatisha. Amekosa mstari mmoja tu, dada. Mstari!"

"Najua alichokosa. Mimi ndiye niliyekiandika."

Kabula akakichukua cheti, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akatoka. Lakini Shija aliona vidole vyake vikipita juu ya ile nne, vikarudi, vikapita tena.

*

Kosa la Shija ni kwamba aliwahi kusoma. Miaka mitatu ya historia chuoni, akabakiza tasnifu na mahafali, na mahafali hayo hayo ndiyo yaliyommaliza. Mkuu wa chuo alikuwa akitoa hotuba anayonong'onezewa na somo wake, mwanasheria wa zamani. Shija akachezea mitambo, mkuu akaanza kunong'onezewa na mcheza ngoma wa Februari 20. Mkuu alikuwa mtu wa kutii. Alisema aliyoambiwa, na mabega yakafuata. Watu elfu mbili walicheka mpaka majoho yakawavuka. Shija akafukuzwa Jumatatu.

Tasnifu ile iliyobaki ilihusu Mzee Kashindi, fundi baiskeli wa Ujiji, aliyekuwa na ugonjwa wa kuandika kila kitu kwenye daftari: bei ya dagaa, mvua, nani kamtukana nani. Hakuna ambaye angemkumbuka kama si bintiye. Binti huyo ndiye Mwavita Kashindi, mwanamke aliyefuma kitambaa kinachokamua maji kwenye hewa na kukimaliza Kiangazi Kikuu. Somo wa Machi 15. Somo ambaye kila mama alimtaka.

Mchana ule ule Shija akateremsha sanduku kutoka juu ya kabati, kumsaidia Wande kupoteza mawazo, na pia kwa sababu alikuwa hajakata tamaa ya kufanya uhuni. Ndani mlikuwa na nakala za daftari, kurasa mia nne.

"Unatafuta nini, mjomba?"

"Sijui. Kitu cha kumtia aibu Msajili wa Tarehe. Wewe soma huko, mimi nasoma huku."

"Huwa tunasema jibu kwanza," Wande akasema.

"Nani, nyinyi?"

"Sisi wa Kumi na Nne. Tunakutana Jumapili pale pampuni, tuko saba. Mwenye swali anasema jibu lake kwanza, hata la kijinga. Wenzake wanacheka. Wakimaliza kucheka ndipo wanamsaidia. Ukisubiri uambiwe tu, hupati kitu."

"Haya. Jibu langu la kijinga: Mwavita hakuzaliwa kabisa. Aliokotwa kwenye gunia la dagaa."

Wande akacheka kama utaratibu unavyotaka. Kisha akainama juu ya ukurasa, na kicheko kikakatika katikati.

"Mjomba. Soma hapa."

Mwandiko wa Mzee Kashindi ulikuwa umelala kama nyasi zilizokanyagwa. Usiku wa tarehe 15 Machi, baada ya magharibi, kabla ya isha, nimepata mtoto wa kike. Mwavita. Taa ya mafuta imekwisha utambi.

"Hiyo kila mtu anaijua," Shija akasema. "Ndiyo iliyotumika kwenye cheti cha Mwavita."

"Sasa soma mstari unaofuata."

Tarehe 15 Machi, adhuhuri. Majirani wamekuja kumwona mtoto. Mama Shindano kasema kafanana na mimi, nikamsamehe.

Shija akasoma mara mbili. Mara ya tatu akasoma kwa sauti.

"Amezaliwa usiku wa tarehe kumi na tano," Wande akasema polepole, "halafu mchana wa tarehe kumi na tano majirani wanakuja kumwona. Walikuja kumwona mtoto ambaye hajazaliwa?"

"Subiri." Shija akaanza kupekua. Usiku wa Ijumaa, halafu Ijumaa mchana. Usiku wa Idi, halafu Idi yenyewe. Kila ukurasa usiku ulitangulia mchana wake. Akajipiga paji la uso. "Hesabu ya wazee! Jua likizama, siku imekwisha, usiku unaoingia ni wa kesho. Bibi yangu mwenyewe alihesabu hivyo, akikwambia njoo usiku wa Jumatatu ukaenda Jumatatu jioni, unakuta pilau liliisha jana! Usiku wa kumi na tano wa Mzee Kashindi ni jioni ya kumi na nne ya serikali. Waliotengeneza orodha walisoma kama makarani. Na mimi nililala na daftari hili miaka miwili nikasoma kama karani vilevile!"

"Kwa hiyo Mwavita..."

"Kazaliwa Machi 14. Siku moja na Kilomba. Aliyefunga maji na aliyeyafungua, siku moja!"

Kabula alikuwa amesimama mlangoni na kapu la mboga. Haikujulikana alifika saa ngapi. Shija alimgeukia, macho yanawaka.

"Dada! Usinipige, sikiliza. Wande kazaliwa saa moja na dakika kumi jioni. Jua limeshazama. Kwa hesabu ileile aliyozaliwa nayo Mwavita, mtoto wako ni wa usiku wa kumi na tano! Hatufuti kitu. Tunamwambia Msajili: kama huyu ni wa kumi na tano, na huyu ni wa kumi na tano. Basi."

Kabula akaliweka kapu chini. Miaka kumi na tano yote ilipita usoni mwake. "Hiyo," akasema, "hiyo si uongo."

"Siyo hata kidogo!"

"Na Mrisho?" Wande akauliza.

Mrisho alikuwa mwenzake wa pampuni. Alitaka kuwa rubani, na uwanja wa ndege aliujulia kwenye uzio.

"Mrisho alizaliwa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Shija akakuna ndevu. "Mrisho tutamfikiria baadaye. Kwanza wewe."

Wande akainama. Akaokota maganda ya karanga, moja moja, akayatia kwenye kapu.

*

Nyumba ya Tarehe ilikuwa na marumaru zinazoteleza na ubaridi wa kukufanya ukumbuke dhambi zako. Msajili, Bwana Gervas Ntamila, alikuwa mtu nadhifu wa miaka hamsini na mitatu. Kabla ya kila neno aliinamisha kichwa upande wa kushoto, kwenye kipuli, kama kuku anayesikiliza mwewe. Wote wenye vipuli walifanya hivyo, lakini yeye alizidisha. Hata shikamoo ya Wande aliisubirisha kidogo.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Semeni shida yenu."

Shija akasema. Kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe chuo alitoa mada, na aliitoa vizuri: daftari, vikao vya pampuni vya kusema jibu kwanza, usiku, mchana, majirani, Mama Shindano. Ntamila akasoma mstari kwa kidole. Akainamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Nimemuuliza mwenyewe," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Anasema ni kweli. Anasema baba yake alihesabu hivyo maisha yake yote."

"Umemuuliza nani, mzee?"

"Mwavita. Mimi ni wa Machi 15." Akakigusa kipuli. "Nimemuuliza kwa nini hakusema. Anasema hakuna aliyewahi kumuuliza."

Shija akakitazama kile kipuli. Alikuwa amekuja kukanyaga mkia wa ofisi, kumbe amekanyaga mkia wa mtu.

"Miaka thelathini na minane," Ntamila akasema. "Ndiye aliyenichagulia kazi. Alinichagulia hata mke, na alichagua vizuri. Kumbe nimeishi na somo wa watu." Akainua macho. "Wako watu arobaini elfu kama mimi. Madaktari, marubani. Mnataka niwaambie nini?"

Msajili akainamisha kichwa, akanyooka, akavuta muhuri karibu.

"Nitawaambia linalowezekana. Huyu binti kazaliwa baada ya jua kuzama. Naweza kumsajili wa Machi 15 kwa hesabu ya Mzee Kashindi, ni halali kabisa. Kipuli anapata leo. Fomu yake inafika chuoni kabla ya kesho mchana. Daftari linarudi sandukuni, na watu arobaini elfu wanalala salama."

Ni kilekile alichokuja kukiomba Shija. Ajabu, kikiwa kwenye mdomo wa mwingine kilinuka.

"Kubali," Kabula akasema haraka. Mkono wake ulikuwa umemshika Wande kwenye kiwiko. "Mwanangu, kubali. Si uongo."

"Na Mrisho wa saa nne asubuhi?" Wande akamuuliza Msajili.

"Huyo hapana. Huyo jua lilikuwa juu."

"Basi hapana."

Hakuinamisha kichwa. Hakusubiri. Neno lilitoka kama jiwe lililotoka kwenye manati.

"Wande!"

"Mama, jana ulimwambia mjomba hakuna uongo nusu. Ukweli nusu ndio upo?"

Kabula akaachia kiwiko. Kisha, taratibu, akaushika mkono wote wa bintiye, vidole kwa vidole, na akaubana kwa namna ya mtu aliyeshindwa na akafurahi kidogo kushindwa.

Ntamila alikuwa akimtazama Wande kama mtu anayetazama mtoto akitembea juu ya waya. "Nani kakuambia useme hivyo?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Mzee, mimi nina nani wa kuniambia?"

Msajili akainamisha kichwa. Wakasubiri. Feni ikazunguka. Akaendelea kuinama mpaka Shija akadhani kashikwa na shingo.

"Kasemaje, mzee?"

"Kasema, Gervas, hili sijui, maana mimi mwenyewe nimo ndani yake. Amua." Akakigonga kipuli kwa ukucha. "Halafu kanyamaza. Hajawahi kuninyamazia."

Hapo Shija akasahau mada, akasahau adabu, akasema tu kilichomjia. "Mzee, nikuulize. Kilomba na Mwavita wamechangia siku. Mmoja katuua kwa kiu, mwingine katunywesha. Wewe naye umekaa miaka thelathini na minane na somo ambaye hata tarehe hamchangii, na umeharibika wapi? Una kazi, una mke mzuri, una feni! Sasa tarehe imefanya nini hapo?"

"Haikufanya kitu," Ntamila akasema, kama anasoma ukutani. "Ilikuwa bahati nasibu ya kugawana walimu, ili matajiri wasiwahi foleni. Tangu mwanzo ilikuwa hivyo. Sisi ndio tuliosahau."

"Na sauti haipungui kwa kugawiwa," Wande akaongeza. "Wa kumi na tano wabaki naye. Wa kumi na nne wapewe. Wote waambiwe ukweli. Wataumia siku mbili, watazoea. Sisi tumezoea miaka."

Msajili akauchukua muhuri. Mara tatu aliushusha kuelekea karatasini na mara tatu kichwa kikaenda kushoto chenyewe, kikakuta kimya, kikarudi. Mara ya nne alikishika kidevu chake kwa mkono wa kushoto, akakizuia, na kwa mkono wa kulia akagonga.

Machi 14 imefunguliwa.

Akagonga na fomu ya Wande. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kisanduku cheusi, ndani yake kipuli kipya kinang'aa kama jicho la samaki. Kabula akapiga kigelegele cha kunong'ona, maana hapakuwa mahali pa kupigia kigelegele, kisha akaona potelea mbali, akapiga cha pili kwa sauti yote mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia.

Wande akakiinua kipuli kuelekea sikioni.

"Subiri, binti," Ntamila akasema.

Wote wakaganda. Shija akafikiri, kabadili mawazo. Msajili akapeleka vidole kwenye sikio lake, akahangaika na kile kikulabu, akatoa kipuli chake mwenyewe, akakiweka mezani juu ya daftari la Mzee Kashindi. Pale kilipokuwa ngozi ilikuwa nyepesi, nyororo, kama ya mtoto mchanga.

"Mjomba wako kanieleza juu ya vikao vyenu vya pampuni alipokuwa anatoa mada. Mtu anasema jibu lake kwanza."

"Ndiyo, mzee. Hata la kijinga."

"Na wenzake wanacheka."

"Wanacheka sana."

Kichwa cha Ntamila kikaanza safari ya kushoto, kikasita njiani, kikarudi kikasimama wima. Macho yake yalikuwa na hofu na kitu kingine ambacho Shija alikuwa hajawahi kukiona ndani ya jengo lile.

"Jumapili hii, binti," akasema Msajili wa Tarehe, "naomba mnipe nafasi nikae na nyinyi. Nina miaka hamsini na mitatu, na sijawahi kutoa jibu langu mwenyewe. Naomba mnicheke."